Kusomea vijiumbe ng'ambo: Swali ambalo mwanafunzi wa Isiolo hana budi kulibeba

KIJANA wa Isiolo aliyehitimu shahada ya kwanza ya sayansi, na ambaye anakusudia kwenda ng'ambo kusomea shahada ya uzamili katika bayoteknolojia ya vijiumbe, aghalabu huwa na maswali mawili. Ada italipwa na nani? Na viza itapatikana lini?

Maswali hayo ni ya haki. Hata hivyo, lipo swali la tatu ambalo huulizwa kwa nadra, ilhali ndilo litakaloamua iwapo masomo hayo yatamfaa yeye na watu wake: Atakapoingia maabara, atachunguza tatizo la nani?

Makala haya yanaeleza somo hilo linahusu nini, kwa nini Isiolo ina sababu ya pekee ya kulithamini, sheria inasema nini kuhusu sampuli zinazovuka mpaka, na njia ambazo mwanafunzi anaweza kuzifuata.

Somo lenyewe

Vijiumbe ni viumbe hai vidogo mno visivyoonekana kwa macho matupu: bakteria, hamira, kuvu na jamaa zao. Wengi wetu huvifahamu kwa ubaya, kwa kuwa baadhi yavyo huleta maradhi. Lakini ndivyo vinavyoumua mkate, vinavyochachusha uji na maziwa, na ndivyo vilivyompa binadamu dawa kama penisilini.

Bayoteknolojia ya vijiumbe ni taaluma ya kuvitumia viumbe hivyo, au vimeng'enya vyake, kuzalisha kitu chenye faida. Mfano maarufu ni insulini. Zamani wagonjwa wa kisukari walitegemea insulini iliyotolewa katika kongosho za ng'ombe na nguruwe. Mnamo 1982, Marekani iliidhinisha insulini ya binadamu iliyozalishwa na bakteria waliotiwa jeni ya binadamu. Tangu hapo, matangi ya kukuzia vijiumbe yamekuwa viwanda vya dawa.

Katika vyuo vingi vya bara Ulaya, shahada hii huchukua miaka miwili na hupimwa kwa mikopo 120 ya masomo, kila mkopo ukiwa sawa na saa 25 hadi 30 za kazi. Nchini Uingereza, kozi nyingi za uzamili humalizika kwa mwaka mmoja. Mwanafunzi hufundishwa namna vijiumbe vinavyoishi na kujilisha, jeni zake, jinsi ya kuvitenga na kuvitambua, uendeshaji wa matangi ya uchachushaji, uchanganuzi wa data za jeni kwa kompyuta, usalama wa maabara na, katika vyuo vingine, sheria ya hakimiliki.

Sehemu nzito zaidi ni tasnifu. Hapo ndipo mwanafunzi hukaa miezi kadhaa akichunguza jambo moja. Asipokuja na jambo lake, atapewa la profesa. Si aibu kupewa, lakini profesa huchagua kulingana na wafadhili wake, na wafadhili wake hawaijui Kulamawe wala Merti.

Maabara iliyo ndani ya kibuyu

Isiolo iko takribani kilomita 280 kaskazini mwa Nairobi, na ndiyo lango la kuingilia eneo la kaskazini. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 268,002 katika kaunti hiyo. Kenya ni miongoni mwa nchi zenye ngamia wengi zaidi duniani, na mji wa Isiolo ni kitovu cha biashara ya maziwa ya mnyama huyo. Maziwa hutoka malishoni, hukusanywa na wanawake wafanyabiashara, wakiwemo wa chama cha ushirika cha Anolei, kisha husafirishwa kwa mabasi hadi mtaa wa Eastleigh, Nairobi.

Safari hiyo ni mbio dhidi ya vijiumbe. Maziwa ya ngamia huweza kukaa muda mrefu kidogo kuliko ya ng'ombe kabla ya kuharibika, lakini joto la kaskazini, uhaba wa maji safi ya kuoshea vyombo na mitungi ya plastiki isiyosuguliwa vizuri kwa ndani huwapa bakteria nafasi. Maziwa yaliyokamuliwa yakiwa mazuri huenda yakafika sokoni yakiwa yamechacha kwa namna isiyotakiwa. Hasara humwangukia mama aliyeyanunua kwa mfugaji.

Wafugaji hawakuliacha tatizo hilo bila jawabu. Tangu jadi, vyombo vya maziwa hufukizwa kwa moshi wa vijinga vya miti maalumu. Moshi hupunguza vijidudu na kuyapa maziwa ladha yake. Wasomali huyaacha maziwa ya ngamia yachachuke na kuwa suusac. Waborana nao wana ititu, inayotokana na maziwa ya ng'ombe. Hiyo ni bayoteknolojia ya vijiumbe, japo walioibuni hawakuwahi kuuona mlango wa chuo kikuu.

Wanasayansi wamekwisha kuichungulia suusac. Mnamo 2005, watafiti wa Kenya walichapisha orodha ya vijiumbe walivyovikuta ndani yake. Miongoni mwavyo walikuwamo Leuconostoc mesenteroides na Lactobacillus plantarum, ambaye tangu 2020 huitwa Lactiplantibacillus plantarum, pamoja na hamira aina ya Candida krusei.

Miaka michache baadaye, watafiti wa chuo cha ETH mjini Zurich, Uswisi, wakishirikiana na wenzao wa Afrika, walichunguza maziwa ya ngamia kutoka Kenya na Somalia. Katika matokeo yaliyochapishwa mnamo 2012, waligundua kwamba bakteria aliyetawala katika sampuli nyingi alikuwa Streptococcus infantarius. Mwaka huohuo, jeni zote za mmoja wa bakteria hao zilisomwa na kuchapishwa.

Ugunduzi huo ulizua maswali makubwa. Bakteria huyo ni wa ukoo ambao baadhi ya jamaa zake huhusishwa na maradhi ya moyo na saratani ya utumbo. Lakini yule wa maziwani alionekana kuwa amezoea maisha ya maziwa: alikuwa amepata jeni za kusaga sukari ya maziwa zinazofanana na za bakteria wanaotengeneza mtindi wa dukani.

Je, yeye ni rafiki wa jamii zilizomnywa kwa vizazi, au ni hatari iliyojificha? Je, anaweza kuondolewa na nafasi yake ikachukuliwa na kianzishi salama, yaani bakteria waliochaguliwa na kutiwa makusudi ili wachachushe maziwa kwa utaratibu unaojulikana? Kianzishi cha namna hiyo, kikikaushwa na kuuzwa kwa pakiti, kingemwezesha mama wa Isiolo kutengeneza suusac isiyobadilika ladha leo na kesho, na ambayo mkaguzi wa ubora angeikubali.

Ikumbukwe pia kuwa maziwa mabichi yanaweza kubeba viini vya brusela, ugonjwa unaowatesa wafugaji kwa homa na maumivu ya viungo. Kuchachusha pekee si kinga ya kutegemewa. Kwa hivyo kianzishi lazima kiende sambamba na kuyachemsha au kuyapasha maziwa joto la kutosha kwanza. Nayo maziwa ya ngamia yana ukaidi wake: hayagandi imara kama ya ng'ombe, kwa sababu ya tofauti za protini zake. Haya yote ni maswali ya tasnifu, na yako mlangoni pa nyumba.

Jeni ya ngamia yaingia kiwandani

Anayedhani kwamba mambo ya ngamia hayana soko kubwa na azingatie kisa cha jibini. Ili maziwa yagande yawe jibini, hutumika kimeng'enya kiitwacho kaimosini, ambacho kiasili hutoka katika tumbo la ndama. Kaimosini ya ndama haifanyi kazi vizuri katika maziwa ya ngamia.

Watafiti waliichukua jeni ya kaimosini ya ngamia wakaitia katika kuvu aitwaye Aspergillus niger, naye akawazalishia kimeng'enya hicho. Mnamo 2006 walichapisha matokeo ya kushangaza: kimeng'enya cha ngamia hakikugandisha maziwa ya ngamia tu, bali kiligandisha hata maziwa ya ng'ombe vizuri kuliko kile cha ndama mwenyewe. Kampuni ya Chr. Hansen ya Denmark ilikiingiza sokoni kwa watengenezaji wa jibini.

Kisa hicho chaonyesha thamani hukaa wapi. Ngamia ni wetu pamoja na mataifa mengine ya ukame. Lakini faida ilikwenda kwa aliyekuwa na maabara, wataalamu na hataza. Kununua maabara ni vigumu. Kusomesha wataalamu kunawezekana.

Funzo la Ziwa Bogoria

Kenya imewahi kujifunza jambo hili kwa uchungu. Maji ya magadi na chemchemi za moto za Ziwa Bogoria, Baringo, yana bakteria wanaostahimili hali ambayo ingeua viumbe wengine. Vimeng'enya vyao hutafutwa na viwanda vya sabuni na vya nguo, kwa kuwa navyo hufanya kazi katika mazingira makali.

Sampuli zilichukuliwa katika maziwa ya magadi ya Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1990 na watafiti wa chuo kikuu cha Uingereza. Baadaye vimeng'enya vilivyotokana na vijiumbe vya aina hiyo viliingia katika biashara ya kampuni ya Genencor. Mnamo 2004, Shirika la Huduma za Wanyamapori nchini, KWS, lilijitokeza kudai kwamba Kenya ilistahili sehemu ya mapato. Mjadala ulikuwa mkali: nani alitoa idhini, na idhini ya nini?

Miaka mitatu baadaye mambo yalichukua mkondo mwingine. Mnamo 2007, KWS ilitia saini mkataba na kampuni ya Novozymes ya Denmark kuhusu utafiti wa vijiumbe katika maeneo yaliyohifadhiwa, na mkataba huo ukagusia mgao wa faida na mafunzo kwa Wakenya. Novozymes na Chr. Hansen, ile kampuni ya kimeng'enya cha ngamia, ziliungana mnamo Januari 2024 na kuwa kampuni moja iitwayo Novonesis.

Tofauti ya visa hivyo viwili haikuwa katika bakteria. Ilikuwa katika karatasi zilizotiwa saini kabla ya kazi kuanza.

Sheria na chupa iliyo mkobani

Hapa ndipo mwanafunzi anayekwenda ng'ambo anapohusika moja kwa moja. Tuseme profesa amelikubali wazo lake la kuchunguza suusac. Mwanafunzi anafunga safari akiwa na chupa ndogo ya maziwa yaliyochachuka ndani ya mkoba. Yeye ni Mkenya, maziwa ni ya nyanya yake. Kosa liko wapi?

Mkataba wa Kimataifa kuhusu Bayoanuwai, ambao maandishi yake yalikubaliwa papa hapa Nairobi mnamo Mei 1992, ulitamka kwamba kila taifa lina mamlaka juu ya rasilimali zake za kijeni. Itifaki ya Nagoya ya 2010, iliyoanza kutumika Oktoba 2014 na ambayo Kenya ni mwanachama wake, iliongeza masharti ya idhini na mgao wa faida. Katiba ya Kenya ya 2010, katika kifungu cha 69, inaitaka serikali kulinda rasilimali za kijeni. Nayo sheria ya 2016 inalinda maarifa ya jadi, ambayo ndani yake mna hekima ya namna hii ya kuchachusha maziwa.

Kanuni za mazingira za 2006 ziliweka utaratibu wenyewe. Anayetaka kuchukua rasilimali za kijeni huhitaji kibali cha Mamlaka ya Kitaifa ya Mazingira, NEMA, pamoja na ridhaa ya wenye rasilimali waliokwisha kuelezwa zitatumiwaje. Kabla ya hapo kuna leseni ya utafiti kutoka Tume ya Kitaifa ya Sayansi, Teknolojia na Uvumbuzi, NACOSTI. Na hakuna kitakachovuka mpaka bila mkataba wa kuhamisha sampuli. Kwa mazao ya mifugo, idara ya huduma za mifugo nayo ina la kusema.

Kanuni hizo hizo zililegeza kamba kwa utafiti wa kielimu ulioidhinishwa, unaofanywa humu nchini na taasisi za Kenya zinazotambuliwa. Maana yake ni kwamba maziwa yale yale, mwanafunzi yule yule, hutazamwa kwa jicho jingine pindi kazi inapohamia chuo cha nje. Uraia wa mwanafunzi haumpi ruhusa.

Upande wa pili wa safari pia una milango. Tangu 2014, Umoja wa Ulaya unawataka wanaotumia rasilimali kama hizo kuhakikisha zilipatikana kihalali, na kuzitunza nyaraka zake kwa miaka 20 baada ya matumizi kumalizika. Profesa mwangalifu ataomba karatasi kabla ya kufungua jokofu.

Jambo jipya zaidi ni kwamba leo si lazima kusafirisha chupa. Jeni zikisomwa Nairobi, maandishi yake yanaweza kutumwa popote kwa intaneti. Mataifa yalilijadili suala hilo mjini Cali, Colombia, mnamo 2024, na Februari 2025 mfuko wa kimataifa uitwao Mfuko wa Cali ulizinduliwa, ili kampuni zinazonufaika na maandishi hayo zichangie. Michango hiyo ni ya hiari, kwa hivyo ni mapema kusema mfuko utajaa kiasi gani.

Gharama na njia za ufadhili

Vyuo vikuu vya umma vya Ujerumani kwa jumla havitozi ada ya masomo, ingawa jimbo la Baden-Württemberg limekuwa likiwatoza wanafunzi wasio wa Umoja wa Ulaya euro 1,500 kwa muhula tangu 2017. Hata pale pasipo na ada, mwombaji viza hutakiwa kuonyesha fedha za kujikimu. Kiwango kilichowekwa mnamo 2024 kilikuwa euro 11,904 kwa mwaka, zinazofungiwa katika akaunti maalumu. Wengi hukwama hapo wakidhani kwamba masomo ya bure hayana gharama.

Ufadhili upo. Shirika la DAAD la Ujerumani, mpango wa Erasmus Mundus wa Umoja wa Ulaya, VLIR-UOS wa Ubelgiji, pamoja na Chevening na ufadhili wa Jumuiya ya Madola nchini Uingereza, yote imewahi kuwapokea Wakenya. Kila mmoja una sharti lake. Chevening, kwa mfano, humtaka mwombaji awe na uzoefu wa kazi na arudi nchini mwake kwa angalau miaka miwili baada ya masomo.

Mwenye familia na atahadhari. Tangu Januari 2024, Uingereza haimruhusu mwanafunzi wa kozi za uzamili za darasani kuandamana na mke, mume au watoto, ila wachache kama vile wenye ufadhili wa serikali.

Kabla ya kulipa hata shilingi moja, mwombaji aulize Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, kama chuo anachokiendea kinatambuliwa. Aidha, alitazame jina la kozi pamoja na yaliyomo. Shahada iitwayo bayoteknolojia inaweza kuwa ya mimea au ya dawa za binadamu, na vijiumbe vikapewa muhula mmoja tu.

Si lazima kupanda ndege

Kuna njia fupi ambayo wengi huipita bila kuiona. Chuo Kikuu cha Afrika, kilichoanzishwa na Umoja wa Afrika, kina taasisi yake ya sayansi za msingi, teknolojia na uvumbuzi katika Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia, Juja. Humo hufundishwa shahada ya uzamili ya biolojia ya molekuli na bayoteknolojia. Wanafunzi kutoka pembe zote za bara hili huja Kenya kuisomea. Wakati kijana wetu anatafuta viza ya kuondoka, mwenzake wa Kamerun anajiandaa kuingia.

Taasisi ya Kimataifa ya Utafiti wa Mifugo, ILRI, iliyoko Kabete, hupokea wanafunzi wa shahada za juu wanaofanyia tasnifu zao humo. Chuo Kikuu cha Nairobi na cha Egerton vina historia ndefu ya utafiti wa maziwa. Ng'ambo ya mpaka kuna Taasisi ya Nelson Mandela jijini Arusha na Chuo Kikuu cha Sokoine mjini Morogoro.

Wapo pia wanaochanganya: darasa husomwa nje, kazi ya nyanjani hufanywa Isiolo, na sampuli huchambuliwa Nairobi chini ya wasimamizi wawili. Njia hiyo hupunguza usumbufu wa vibali, na huacha ujuzi na vifaa nchini.

La kufanya kabla ya kuomba nafasi

Mwenye nia ya kweli na aanze nyumbani. Azungumze na wakusanyaji wa maziwa, ajue mitungi mingapi hurudi na maziwa yaliyoharibika, na katika msimu upi. Awaulize wazee ni miti ipi hutumika kufukizia vyombo na kwa nini. Aandike hayo kwa ukurasa mmoja. Kamati za ufadhili husoma mamia ya barua za watu wanaosema wanaipenda sayansi. Mwombaji mwenye swali mahususi, lenye mahali na watu wake, huonekana mara moja.

Kisha amtafute profesa anayeshughulikia uchachushaji wa vyakula, na katika barua ya kwanza aulize mambo matatu: kama swali lake linaweza kuwa tasnifu, nani atagharimia vibali, na matokeo yatakuwa mali ya nani. Jawabu la swali la tatu lipatikane kwa maandishi. Wanajamii waliotoa maziwa nao waelezwe, kwa lugha wanayoielewa, kitakachofanyika na watakachopata.

Shahada haihakikishi ajira. Viwanda vya humu nchini vinavyoajiri wataalamu wa vijiumbe si vingi, na baadhi ya wahitimu hubaki ng'ambo kwa sababu hiyo. Hawastahili lawama ikiwa waliporudi hawakupata hata jokofu la kuhifadhia bakteria wao. Serikali za kaunti za kaskazini, zinazotoa basari kila mwaka, zingefanya vyema kufikiria pia maabara ndogo ya maziwa karibu na soko, ambamo mhitimu mmoja na mafundi wawili wangeweza kupima maziwa ya asubuhi kabla basi halijang'oa nanga kuelekea Nairobi.

Waswahili husema mali bila daftari huisha bila habari. Bakteria wa suusac ni mali, na daftari lake limekwisha kuanza kuandikwa katika maabara za mbali. Linalobaki ni kuona kama miongoni mwa waandishi watakuwamo wana wa Isiolo.